Tanga: mti juu ya duka, kodi kwenye LUKU

Kuna mti mmoja mjini Tanga ambao nimekuwa nikiuangalia kwa miaka kama saba sasa. Haukuota ardhini. Uliota ghorofani, pale ukuta unapokutana na gata la kushushia maji ya mvua, juu ya duka la vipuri vya baiskeli. Nilipouona mara ya kwanza ulikuwa na majani manne tu, ungedhani ni mchicha ulioangushwa na kunguru. Mwaka uliofuata shina lilikuwa nene kama kidole. Siku hizi una kivuli na ndege hutua juu yake. Chini yake umeteremka ufa hadi kwenye tarakimu za plasta zilizoandikwa kwenye kipaji cha jengo kuonyesha mwaka lilipokamilika. Tarakimu ya mwisho imekwishadondoka, kwa hiyo jengo lile sasa halijui umri wake.

Kila nikipita huwa najiuliza swali la kijinga: mtu angeupandia mti ule na ngazi mwaka ule wa kwanza, akaung'oa, ingemgharimu nini? Dakika kumi na jasho kidogo. Methali ya ufa na ukuta tunaijua wote, watoto wanaiandikia insha shuleni, kwa hiyo sitaileta hapa. Kinachonisumbua ni kwamba jengo lile lina wenye maduka chini, lina wapangaji juu, lina mwenyewe, na halmashauri ya jiji haiko mbali. Wote wanauona mti. Hakuna hata mmoja mwenye sababu ya kuupandia.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Majengo ya kale ya Tanga hayauawi na uzee. Hayauawi na chuki dhidi ya ukoloni, na wala si umaskini peke yake. Yanauawa na namna tulivyopanga sheria na kodi zetu, mpango ambao umehakikisha kwamba anayekaa ndani hana mamlaka ya kutengeneza, na mwenye mamlaka hakai ndani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi tumewapa wasiokilalia kazi ya kuwaua kunguni, kisha tunashangaa kwa nini tunaumwa.

Mji uliogawanywa na reli

Kwa wasioijua vizuri, Tanga ni ile ya waja leo waondoka leo, mji ambao wageni walikuja kwa kupita wakaishia kujenga. Wajerumani waliufanya mlango wao wa kuingilia Usambara. Mwaka 1892 waliweka hapo shule yao ya kwanza ya serikali katika koloni zima. Mwaka 1893 wakaanza kutandika reli, ambayo ilitambaa polepole kupitia Muheza, Korogwe na Mombo hadi kufika Moshi mwaka 1911. Mwaka huohuo wa 1893 Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida. Inasimuliwa kwamba katika miche 1,000 iliyosafirishwa, iliyofika hai ilikuwa 62. Kutokana na hiyo 62 ndipo yalipotoka mashamba yaliyoujenga mji huu, yakawalisha watu na kuwatesa pia.

Reli ile haikubeba mkonge tu, iligawa watu. Upande wa bahari, Raskazone na Bombo, walikaa wazungu kwenye upepo. Katikati ya mji zikasimama nyumba za wafanyabiashara wa Kihindi, duka chini na familia juu, roshani zikitazamana barabarani. Ng'ambo ya reli ni Ngamiani, mitaa imenyooka kama mistari ya daftari na haikupewa hata majina, ikapewa namba. Hadi leo mtu wa Tanga atakuelekeza kwake kwa kusema barabara ya nane, barabara ya kumi na mbili, na wewe utafika bila kuuliza mara mbili. Nani alikwambia mipango miji ya kibaguzi haiachi kitu cha manufaa?

Vita vya Novemba 1914 wanavijua wengi kwa sababu ya nyuki. Waingereza walishusha jeshi la watu kama 8,000, wengi wao askari kutoka India, wakapigwa na watu kama 1,000 wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, askari wetu wakiwa ndio wengi katika hao. Nyuki wakasaidia, au wakavuruga pande zote mbili, inategemea nani anasimulia. Siku hizi makaburi ya waliokufa katika vita vile yana wa kuyatunza, tume maalumu ya Jumuiya ya Madola, na yana bajeti yake. Mfu wa mwaka 1914 anafyekewa nyasi. Mpangaji wa mwaka huu anaweka beseni chini ya tundu la bati.

Kisha mkonge ukaporomoka. Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha tani kama 230,000, ya kwanza duniani. Baadaye ikaja nailoni, bei ikaanguka, mashamba yakataifishwa, mengine yakafa. Tanga ikalala. Hapa kuna jambo ambalo wapenzi wa majengo hatupendi kulikiri: ni usingizi ule uliotuhifadhia mji. Dar es Salaam ilipopata fedha ilivunja. Jengo la Salamander pale Samora sasa ni habari ya waliowahi kulipita. Tanga haikuvunja kwa sababu haikuwa na fedha za kujenga kingine.

"Ya Mjerumani hayo, yaanguke"

Hoja hii nimeisikia kwenye kahawa, na anayeitoa si mjinga. Anasema: boma ni nyumba ya kiboko. Mwaka 1898 hawa hawa wenye ghorofa za mawe waliwatoza babu zetu kodi ya kibanda cha udongo, na asiyekuwa na fedha akalipa kwa mgongo. Leo nilie kwa ajili ya paa lao?

Mimi simtaki mtu alie. Namuuliza tu swali moja: ni paa la nani? Mawe ya matumbawe yalivunjwa na nani kule ufukweni? Boriti za mkoko zilikatwa na kubebwa na nani? Chokaa ilichomwa kwa ujuzi wa nani, kama si wa watu wa mwambao ambao walikuwa wakiichoma karne kadhaa kabla ya Mjerumani kujua iliko Tanga? Nenda Tongoni, kusini kidogo mwa mji, ukaone makaburi na msikiti wa mawe wa karne ya 15. Ni mawe yaleyale na chokaa ileile. Mjerumani alileta ramani na bunduki. Mkono ulikuwa hapa tayari.

Na kilichofanyika ndani ya kuta hizo si cha Mjerumani peke yake. Shule ile ya Tanga ilikuwa na mashine ya kuchapia, na mwanzoni mwa karne ya 20 likatoka hapo gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi. Sisi tunaojipatia ugali kwa kuandika magazetini tuna ukoo na jengo lile, tupende tusipende. Mwaka 1922, Mwingereza akiwa ndiye mtawala, Martin Kayamba alianzisha hapahapa Tanga chama cha Waafrika waliokuwa watumishi wa serikali. Makarani wale walikaa ofisini kwa mkoloni mchana kutwa, wakatoka na mazoea ya mikutano, kumbukumbu na katiba za vyama. Ukiangusha kuta unamwangusha na Kayamba.

Hata hivyo hoja ya historia si ndiyo inayonipa msukumo mkubwa. Ingia saa nane mchana, mwezi wa pili, ndani ya nyumba ya zamani yenye ukuta wa kiganja mara nne, dari refu, madirisha ya vibao na baraza inayozunguka. Kisha vuka barabara uingie kwenye jengo jipya la vioo vya bluu na fremu za alumini. Huko wamefunga kiyoyozi. Umeme ukikatika wahudumu wanatoka nje na kujipepea kwa bahasha. Wanakimbilia wapi? Barazani pa jengo la zamani. Nimewaona kwa macho yangu, mara nyingi, na hakuna aliyeniomba niipe jina falsafa hiyo.

"Onja, ni chumvi"

Mwaka juzi nilimfuata fundi mmoja mzee aliyekuwa akirekebisha nyumba ya zamani karibu na soko. Alikuwa ameitwa kupaka rangi. Akanishika mkono, akanisogeza ukutani, akatoa bisibisi mfukoni na kugonga kwa mpini wake. Hapa ukuta ulilia imara, pale ukalia kama debe tupu. Alipochokonoa, likadondoka bamba la plasta lenye ukubwa wa sinia. Nyuma yake jiwe lilikuwa limelowa, linamung'unyika kama sukari guru.

"Onja, mwanangu."

Nikaweka kidole ulimini. Chumvi tupu.

"Hapa walipiga saruji," akasema. "Saruji ni kitu kizuri, mimi nyumba yangu nimeijengea. Lakini ukuta wa matumbawe unatoka jasho kama mtu. Chokaa kwake ni kanzu ya pamba, saruji ni koti la mvua. Wewe ukivaa koti la mvua mwezi wa pili, hutaoza?"

Nimesoma mambo mengi kuhusu uhifadhi, hakuna lililonielewesha kama koti lile. Jiwe la matumbawe lina vitundu. Unyevu hupanda kutoka ardhini, mwingine huja na hewa ya bahari, na zamani ulikuwa ukitoka taratibu kupitia plasta ya chokaa na kukaukia nje. Ukiuziba kwa saruji unarudi ndani, unayeyusha chumvi, chumvi inakauka na kutanuka, jiwe linapasuka kutokea moyoni. Nje rangi inang'aa. Mwenye nyumba anafurahi miaka mitatu, wa nne plasta inaanza kuvimba, naye anaita fundi ambaye anaongeza saruji nyingine.

Kwa nini wasitumie chokaa? Mzee alicheka. Chokaa inataka subira: uchome matumbawe au mawe kwenye tanuri, umwagie maji, ifoke na kuchemka, uifunike shimoni wiki kadhaa, ndipo ichanganywe na mchanga. Saruji unaivuta dukani asubuhi, jioni umemaliza, na Tanga yenyewe ina kiwanda chake pale Pongwe. Vijana wake wawili wa kazi walikuwa na vyeti vya uashi. Hakuna aliyewahi kufundishwa chokaa. Basi hata siku mwenye fedha akijitokeza na nia njema, uwezekano mkubwa ni kwamba ataiua nyumba yake kwa upendo.

Sheria iliyosimama mwaka 1863

Sasa tuje kwenye makaratasi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ndiyo tunayoitegemea. Inasema jengo linalolindwa moja kwa moja kama kumbukumbu ni lile lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Ni kama walihesabu miaka mia hivi kurudi nyuma, wakaandika tarakimu badala ya kuandika "miaka mia". Tarakimu haikui. Tongoni inaingia bila kubisha hodi. Lakini kila ghorofa ya enzi ya Mjerumani, kila duka la Kihindi lenye mwaka kwenye kipaji, kila shule na stesheni, imezaliwa baada ya mstari ule. Ili ilindwe lazima waziri aitangaze katika Gazeti la Serikali, moja moja au kwa eneo. Jengo lisilotangazwa, machoni pa sheria hiyo, ni sawa na banda lililojengwa jana. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari letu limefungwa mwaka 1863.

Upande wa umiliki ndiko kwenye fundo lenyewe. Mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani kuanzia shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Katika miji kama Tanga, hatua hiyo iliangukia kwa sehemu kubwa nyumba za mawe za katikati ya mji. Sitajifanya kusikitika kwa niaba ya kila kabaila. Wapo wapangaji waliopumua siku ile. Lakini angalia kilichofuata. Mwenye nyumba aliyekuwa akiishi juu na kulisikia tone la kwanza likidondoka usiku akaondoka, wengine wakavuka bahari kabisa. Nafasi yake ikachukuliwa na faili. Mwaka 1990 majengo ya Msajili yakahamishiwa Shirika la Nyumba la Taifa. Mengine yalirudishwa kwa wenyewe, mengine yakauzwa. Unaweza kukuta kuta mbili zinazoegemeana, kila moja ina mwenyewe tofauti, na gata moja la kushirikiana ambalo halimo katika hati ya yeyote.

Halafu njoo kwenye mita. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, mwaka 2023 ikawa 1,500, na ghorofa hulipiwa zaidi. Kisheria mlipaji ni mwenye jengo. Kimita, mlipaji ni anayenunua umeme, naye ni mama muuza vitumbua aliyepanga chumba cha nyuma. Eti amdai mwenye nyumba amrudishie. Amdai vipi, kwa lugha gani, na mkataba wenyewe ni wa mdomo? Mama huyu analipa kodi ya jengo kila mwezi bila kukosa. Akigongomelea bati moja jipya kwa fedha yake, hakuna anayemhakikishia kwamba mwenye nyumba atamkatia kwenye pango. Akilitengeneza sana, pango linapanda. Mtu mwenye akili timamu atafanya nini? Ataweka beseni.

Ukumbi hauna mrithi

Msidhani Ngamiani kuko salama kwa kuwa nyumba ni za wenyewe. Shangazi yangu anakaa katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu kila upande, ukumbi katikati, baraza mbele na ua nyuma. Marehemu babu aliijenga kwa boriti na udongo, akaipiga chokaa na kuiezeka bati. Warithi ni tisa. Wamegawana vyumba kwa amani, jambo la kushukuru, na kila mwenye chumba anapangisha au analala. Vyumba vyote vina dari zuri. Ukumbi unavuja tangu mvua za El Niño, kwa sababu ukumbi hauna mrithi. Shangazi huwaambia wageni waingie kwa kupitia uani.

Nyumba zile hazimo katika orodha ya urithi wa mtu yeyote, ilhali ndizo zilizowakuza watu wengi zaidi kuliko maghorofa yote ya mjini.

Fedha zinakuja, na hapo ndipo naogopa

Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, mlangoni kwa Tanga. Bandari imepanuliwa. Usingizi unakwisha, na mimi ni wa kwanza kufurahi, maana vijana wamechoka kukimbilia Dar. Lakini kiwanja cha katikati ya mji kikianza kuwa na thamani kuliko jengo lililo juu yake, mti ule ninaousema hautakuwa tena uzembe. Utakuwa mkakati. Huhitaji kibali cha kuvunja kama mvua zitakuvunjia.

Wala tusijidanganye kwamba cheo kikubwa ni dawa. Mji Mkongwe wa Zanzibar ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na bado tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, iliporomoka wakati mafundi wakiwa ndani wakilitengeneza. Watu wawili walifariki. Upande mwingine, boma la Mikindani, la mwaka 1895, lilitengenezwa likawa hoteli na kuajiri watu. Boma la Iringa, lililojengwa kuwa hospitali ya Wajerumani, limekuwa makumbusho tangu 2016. Boma la zamani la Tanga lenyewe lina makumbusho ya Urithi, na watu wake wamefanya kazi kubwa kwa mikono mitupu. Majengo haya yalipona kwa sababu kila moja lilipata mtu mmoja anayejulikana, ambaye mvua ikinyesha usiku anaamka.

Ndiyo maana siombi hoteli hamsini. Naomba mstari wa mwaka 1863 ufutwe, iandikwe miaka mia, isogee yenyewe. Naomba jiji lihesabu majengo yake kabla madalali hawajamaliza kuyahesabu, na vyuo vya ufundi vimlipe yule mzee wa bisibisi aje afundishe chokaa kabla hajatuacha. Zaidi ya yote naomba mama wa vitumbua apewe risiti: anayelipa kodi ya jengo kwa mita awe na haki ya kuziba paa na kukatiwa gharama kwenye pango, kwa sheria, si kwa hisani. Hilo la mwisho halihitaji mfadhili.

Wiki tatu zilizopita nilipita tena pale. Nikamuuliza kijana wa duka la baiskeli, aliyekuwa amechuchumaa akinyoosha rimu, kwa nini hata yeye hajawahi kuupandia mti ule.

"Ngazi ninayo, mzee wangu," akasema bila kuinua kichwa. "Nilipanda na panga mwaka ule wa mvua nyingi. Nikaambiwa nashuka mwenyewe au nashushwa, jengo si langu."

Akaizungusha rimu hewani, akaifumbia jicho moja kuona kama bado inayumba.